Kitenzi "run" na Mtego wa "Kukimbia"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha tafsiri hapa Kisumu, na kila kundi jipya la wanafunzi mimi hulipatia sentensi moja fupi ya Kiingereza kuhusu mama aliyeongoza shule kwa miaka kumi, ambayo kitenzi chake ni "run". Daima hupata angalau karatasi moja iliyoandikwa: "Mama huyo alikimbia shule kwa miaka kumi." Mwalimu mkuu amegeuka mtoro. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa msomaji ataielewa bila shida, ila ataelewa kinyume cha kilichokusudiwa.

Neno hili la herufi tatu si dogo hata kidogo. Katika toleo la Oxford English Dictionary la mwaka 1989, kitenzi "set" ndicho kilichotajwa kuwa na maana nyingi kuliko vyote, lakini "run" ilipofanyiwa kazi upya, mhariri wake, Peter Gilliver, aliishughulikia kwa takriban miezi tisa, akahesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Wanafunzi wakisikia idadi hiyo huingiwa na hofu. Mimi huwaelekeza kwenye asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale lilitumika kwa miguu na kwa maji vilevile, na Wajerumani hadi leo wana ndugu yake, "rinnen", wanayemtumia kwa maji yanayotiririka. Kwa maoni yangu, kiini chake ni mwendo usiokatika, na ndiyo maana saa, injini, reli na hata mkataba viliweza kuingia humo bila kusukumana.

Kukimbia kwetu hakukupita njia hiyo. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikimbia, na hakuna neno jingine linalofaa zaidi. Lakini nje ya riadha, kitenzi hiki hubeba hofu na kuacha kitu nyuma: aliyeihama nchi yake kwa sababu ya vita ni mkimbizi, mahali pa usalama ni kimbilio, na mtu akisemwa amekimbia madeni au familia, hakuna anayedhani kwamba anayasimamia madeni hayo au anaitunza familia hiyo. Kwa hiyo anayeandika "amekimbia biashara" akitaka kumsifu mfanyabiashara amemshtaki bila kujua.

Ninachosisitiza darasani ni kwamba mfasiri aanze kwa kuuliza ni kitu gani kinachokwenda, na kama kuna anayekifanya kiende. Kiswahili kinalo jibu zuri ndani ya mnyambuliko wake: kutokana na "kwenda" tumepata "kuendesha", na kwa kitenzi hicho kimoja tunaendesha hoteli, mradi, mkutano na programu ya kompyuta. Pasipo mwendeshaji, kitu chenyewe ndicho huamua kitenzi. Reli ya kutoka Nakuru haikimbii, bali hupita Njoro, Molo, Londiani na Muhoroni hadi Kisumu. Leso mpya ikiloweshwa hutoa rangi. Mkataba hudumu. Sukari nayo hunifurahisha zaidi, kwa sababu Mwingereza husema "we have run out of sugar", akaifanya familia kuwa mtenda wakati kopo limebaki tupu, ilhali sisi tunasema "sukari imetuishia", sukari ikawa kiima na sisi tukabaki ndani ya kitenzi kama watu waliofikwa na jambo.

Katika siasa, Mmarekani anayetafuta kura "hukimbia", na Mwingereza kwa desturi "husimama". Sisi tunagombea au tunawania, na anayeandamana na mwaniaji wa urais ni mgombea mwenza; "mwenzi wa mbio" lingemfanya aonekane mwanariadha.

Penye afya ya watu ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Niliwahi kupewa tangazo la kunawa mikono ili nilihariri, nikakuta limeandikwa "tumia maji yanayokimbia". Tulijadiliana kwa muda mrefu na aliyeliandika. Yeye alipendekeza "maji ya bomba", nami nikakataa, kwa sababu ushauri wenyewe hauhusu bomba: unahusu maji yanayomwagika juu ya mikono na kuondoka na uchafu, badala ya beseni moja linalochovywa na kila mtu. Nyumba isiyo na bomba inaweza kutoboa kopo au kutengeneza kibuyu chirizi (chombo cha maji kinachotundikwa na kuinamishwa ili maji yatiririke), na maji yake yakafaa. Tukaandika "maji yanayotiririka".

Tangazo hilohilo lilitaja kuhara, na hapo lugha hizi mbili zilikutana pasipo kutarajiwa. Kiingereza cha Kenya huliita tumbo la namna hiyo tumbo "linalokimbia", na Kiswahili tangu zamani kina "tumbo la kuendesha". Niliacha maneno hayo jinsi yalivyo, kwa kuwa mama anayemleta mtoto kliniki huyasema hivyohivyo.