Homa ya Nile Magharibi: watazame pia ndege ambao hawakufa

Dhana potofu: Jina limetaja mahali, basi kila mlipuko umeanzia Uganda.

Ukweli: Jina linakumbusha tu kwamba virusi hivi, ambavyo mbu huvieneza kati ya ndege na pia huwaambukiza watu, vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937, katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile, Uganda. Si haki kuwatwisha Waganda lawama kwa hilo. Anayetafuta chanzo hulinganisha vinasaba. Virusi vya New York vya mwaka 1999 vilishabihiana mno na vya bata bukini aliyekufa Israel mwaka 1998, wakati makinda ya bata hao yalipokuwa yakipooza mashambani.

Dhana potofu: Ugonjwa wa ndege ukiingia, kuku ndio wa kwanza kufa.

Ukweli: Mfugaji wa kwetu akikuta mizoga hufikiria mdondo, na ana sababu. Lakini kule Bronx, New York, daktari wa mifugo Tracey McNamara aliona kunguru wakianguka na heroe wa bustani ya wanyama wakifa, huku kuku na bata mzinga wakiwa wazima. Mdondo au mafua ya ndege yasingewaacha. Emu, ndege wakubwa wanaofanana na mbuni, nao walikuwa salama, ilhali ugonjwa mwingine ulioweza kushukiwa, homa ya ubongo ya farasi ya mashariki mwa Marekani, huwaua upesi. Wakati huohuo watu walikuwa wakilazwa, na maofisa wa afya wakataja homa ya ubongo ya St. Louis, inayoenezwa pia na mbu, ambayo kwa kawaida haiui ndege. McNamara alishikilia kwamba ndege na watu wanaugua kitu kimoja. Ikawa kweli: vilikuwa virusi vya Nile Magharibi. Sijaona upelelezi mzuri kuliko huo wa kuwahesabu wazima pamoja na wafu.

Dhana potofu: Ndege alipofia ndipo alipoumwa na mbu.

Ukweli: Agosti 1998 upepo mkali uliwasukuma korongo weupe hadi Eilat, Israel, na baadhi yao wakafa. Walikuwa wachanga, wameanguliwa Ulaya, na walikuwa wametua siku mbili tu kabla ya kufa. Virusi walikuja navyo.

Dhana potofu: Kuku aliyekutwa na maambukizi achinjwe upesi asieneze.

Ukweli: Kuku huunda kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na virusi na kuonyesha kwamba aliambukizwa, ila virusi katika damu yake huwa vichache mno kumwambukiza mbu mwingine. Ndiyo maana sehemu kadhaa za Marekani huweka kuku kwenye vizimba karibu na mazalia ya mbu na kuwapima damu mara kwa mara, ili taarifa ipatikane kabla watu hawajaanza kuugua.