Baridi ya Mwezi wa Saba Haikutoka Ethiopia

Kila kipupwe kikibana huku Mbeya naletewa mtuhumiwa mpya wa baridi. Safari hii ni Hayli Gubbi, volkano ya Afar nchini Ethiopia, iliyolipuka tarehe 23 Novemba 2025. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna sauti inazunguka ikidai majivu yake yamelifunika jua, ndiyo maana viazi vya Makete vinaungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Wakulima wameniuliza, makondakta wameniuliza, na juzi kaniuliza mtu mwenye shahada ya jiografia. Huyo ndiye aliyenifanya nikae niandike.

Majivu kwanza, tuyamalize haraka. Ni mawe na kioo kilichosagika, hayakai juu. Mengi hushuka ndani ya saa au siku chache, na yale laini kabisa hujikokota kwa wiki kadhaa. Ya Hayli Gubbi yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman mpaka India, yakavuruga safari za ndege. Yalielekea mashariki. Makete iko kusini, ng'ambo ya ikweta. Yangefikaje, kwa basi?

Kinachopoza dunia ni salfa. Gesi ya salfa ikifika kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, hugeuka matone madogo mno ya asidi, na matone hayo hutandazwa na pepo mpaka yakawa kama chandarua chembamba kilichotundikwa mbele ya jua. Kule juu hakuna mvua ya kuyaosha, kwa hiyo hudumu mwaka mmoja, miwili. Chini ya hapo, gesi hiyohiyo husafishwa na mvua ndani ya siku au wiki. Katika ukanda wetu wa tropiki stratosfia huanzia kilomita 16 au 17 hivi. Wingu la Hayli Gubbi lilipimwa takriban kilomita 14. Na kimo peke yake hakitoshi: Mount St. Helens ya Marekani, mwaka 1980, ilirusha majivu mpaka ndani ya stratosfia lakini salfa yake ilikuwa kidogo, na hali ya hewa ya dunia haikutikisika.

Sasa nakuja kwenye kinachoniudhi hasa. Chukua Pinatubo ya Ufilipino, Juni 1991. Ilipeleka juu tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa, na dunia ikapoa kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi kwa mwaka na kitu. Nusu nyuzi! Na hiyo ni wastani, mchana na usiku, bara na bahari, Mbeya na Mosko. Hapa mjini mwezi wa saba unaamka na nyuzi sita au saba, saa nane mchana umeshavuka ishirini na koti umelifunga kiunoni. Hakuna binadamu anayeweza kutoka nje alfajiri, akasikia nusu nyuzi kwenye masikio, akasema hii ni volkano. Volkano huonekana kwenye daftari la vipimo, baada ya kujumlisha vituo vingi na miezi mingi. Mtu hunijibu, "Mbona Tambora?" Kweli, Tambora ya Indonesia, mwaka 1815, iliharibu kiangazi cha 1816 kule Ulaya na kaskazini-mashariki mwa Marekani, mazao yakafa. Lakini salfa yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Pinatubo. Kuifananisha na Hayli Gubbi ni kumwonea Hayli Gubbi.

Baridi yetu tunaijua ilikotoka. Juni hadi Agosti kusi inavuta hewa baridi kutoka kusini, nasi tuko juu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700, uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, na hewa ni kavu, ardhi inapoteza joto lake haraka angani, na hewa nzito ya baridi inateremka kujaa mabondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni linaungua na la jirani mlimani linapona. Volkano gani inayochagua mashamba?

Wengine wanamsingizia Kyejo, volkano yetu wenyewe, kwa kuwa hewa ukaa inatoka ardhini pale Rungwe na watu wanaivuna. Hewa ukaa hupasha dunia joto, haiipozi; tena volkano zote za dunia kwa pamoja hazifikishi hata asilimia moja ya hewa ukaa tunayoitoa binadamu kila mwaka. Tuendelee.

Upande wa mvua siwezi kuwa na kiburi hivi. Salfa ikizidi upande mmoja wa ikweta, upande huo unapoa, na ukanda wa mvua husogea kuelekea upande wenye joto zaidi. Kwetu, tunaosubiri ukanda huo ushuke kuanzia Novemba, hilo si jambo dogo. Tatizo ni ushahidi. El Chichón ya Meksiko, 1982, ilikutana na El Niño, yaani maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida na kuvuruga mvua. Pinatubo nayo ikakutana na El Niño, na msimu wa 1991/92 kusini mwa Afrika kukawa na ukame mkali. Nani alaumiwe, mlima au bahari? Kompyuta zinaweza kuwatenganisha kwenye hesabu, ila kwenye rekodi halisi za vipima mvua wameshikana, na milipuko mikubwa tuliyoipima kwa vyombo vya kisasa ni michache mno. Anayekupa jibu la uhakika kuhusu mvua za Nyanda za Juu Kusini, mwulize amewatenganishaje hao wawili.