Kipimajoto Kikionyesha 100.4, Je, Hiyo ni Homa? Maswali na Majibu Kuhusu Vipimo vya Joto la Mwili

Kipimajoto kimeonyesha 100.4. Je, mgonjwa yuko hatarini?

Namba hiyo ni ya Farenhaiti, na ni sawa na nyuzi 38 za Selsiasi, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa homa. Haiwezi kuwa ya Selsiasi, kwa sababu nyuzi 100 za Selsiasi ni joto la maji yanayochemka. Vipimajoto vingi vya kidijitali huweza kubadilishwa kutoka kipimo kimoja hadi kingine kwa kubonyeza kitufe, na wakati mwingine mtu hukibonyeza bila kukusudia, kisha namba asiyoizoea ikamtia hofu kubwa. Kabla ya kuamua lolote, tazama kama kando ya namba kuna herufi C au F.

Kwa nini kuna vipimo zaidi ya kimoja?

Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza kipimo chake mwaka 1724, na katika kipimo hicho kama tunavyokijua leo, maji huganda kwenye nyuzi 32 na kuchemka kwenye nyuzi 212. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi alipendekeza mgawanyo wa sehemu 100, ila yeye aliweka 0 mahali pa kuchemka na 100 mahali pa kuganda. Mpangilio huo uligeuzwa baadaye. Leo nchi nyingi hutumia Selsiasi, wakati nchini Marekani Farenhaiti ingali kipimo cha kila siku. Kelvini, inayoanzia nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ni ya wanasayansi na haitumiki kumpima mgonjwa.

Nitabadilishaje namba kutoka kipimo kimoja hadi kingine?

Zidisha nyuzi za Selsiasi kwa 1.8, kisha ongeza 32. Hivyo 39 huwa 102.2, na 40 huwa 104. Ukitoka Farenhaiti, toa 32 kwanza, ndipo ugawanye kwa 1.8. Uangalifu unahitajika zaidi pale unapozungumzia tofauti: homa ikishuka kutoka 39.5 hadi 38.5 za Selsiasi, imepungua kwa nyuzi 1.8 za Farenhaiti, na hapo 32 haiongezwi kamwe.

Je, joto la mtu mwenye afya ni 98.6 kamili?

Hapana, na imani hii inastahili kusahihishwa kwa makini. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyewapima wagonjwa wengi kwapani, alitaja nyuzi 37 za Selsiasi kuwa wastani. Namba hiyo isiyo na desimali ilipogeuzwa kuwa Farenhaiti ikawa 98.6, na desimali yake ikawafanya watu wadhani kwamba ni mpaka uliopimwa kwa usahihi mkubwa. Ukweli ni kwamba joto la mwili hutofautiana kati ya mtu na mtu, huwa chini alfajiri na juu zaidi jioni, na hupanda baada ya mazoezi. Mtu mwenye 97.9 au 99.1 anaweza kuwa mzima kabisa.

Nimweleze nini mhudumu wa afya?

Taja namba, kipimo (Selsiasi au Farenhaiti), saa uliyopima, mahali ulipopima, na dawa ya kushusha homa kama mgonjwa amekwisha kunywa. Mahali pana uzito wake, kwa kuwa kwapa kwa kawaida husoma chini kuliko mdomo au njia ya haja kubwa. Ndiyo maana kwa kipimo cha kwapani, 37.5 huweza kuhesabiwa kuwa homa. Usijiongezee wala kujipunguzia namba kwa kukisia. Sema ulichokisoma.

Ni lini nisisubiri?

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi apelekwe hospitali mara moja, hata kama ananyonya vizuri. Joto la chini nalo lisipuuzwe: kwa mtoto mchanga, kusoma chini ya 35.5 (95.9 za Farenhaiti) kunaweza kuwa dalili ya maambukizi makali. Kwa umri wowote, degedege, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au kushindwa kunywa vinahitaji matibabu ya haraka, hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ndogo, kwa kuwa paracetamol hushusha joto bila kuondoa kilicholisababisha.