Ndege Akishanyamaza, Sema Wewe

Watu wengi huniletea mafaili ya sauti walizorekodi kwa simu zao na kuniuliza ni sauti ya mnyama gani. Swali hilo hunifurahisha kila mara, lakini kabla ya kulijibu nami huuliza langu: ulirekodi wapi, tarehe gani, saa ngapi? Wengi hukumbuka mwezi, wachache hukumbuka saa, na ni nadra kumpata mtu anayekumbuka mnyama mwenyewe alikuwa akifanya nini. Kwa miaka yote niliyorekodi sauti za wanyamapori na kuzipakia katika hifadhi za mtandaoni, nimejifunza kuwa rekodi safi isiyo na maelezo humsaidia mtafiti kidogo sana, ilhali rekodi ya wastani yenye maelezo kamili inaweza kumfaa hata mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1889, nchini Ujerumani, Ludwig Koch akiwa bado mtoto alinasa kwenye silinda ya nta sauti ya ndege wa kufugwa, na hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya wimbo wa ndege inayojulikana. Mwaka 1929 watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walianza kurekodi ndege wa porini, na juhudi hizo zikazaa hifadhi inayoitwa leo Macaulay Library. Kwa miongo mingi hifadhi za namna hiyo zilitumiwa zaidi na wataalamu, hadi mwaka 2005 ilipoanzishwa xeno-canto, hifadhi ya mtandaoni ambamo mtu yeyote anaweza kusikiliza, kupakua na kuchangia rekodi zake. Yupo ndege wa kisiwa cha Kauaʻi, huko Hawaii, aitwaye Kauaʻi ʻōʻō, ambaye mara ya mwisho kusikika ilikuwa mwaka 1987. Spishi yake imetoweka duniani, na anayetaka kuisikia leo hana pa kwenda isipokuwa kwenye rekodi.

Kwa hiyo, ndege anaponyamaza sizimi kinasa sauti. Nasubiri sekunde chache, kisha nasema kwa sauti yangu mwenyewe, ndani ya faili lilelile: tarehe, saa, mahali, aina ya mazingira, kama nimemwona mnyama au nimemsikia tu, walikuwa wangapi, na umbali kati yangu nao. Kuhusu saa, sisi tunaohesabu kuanzia mapambazuko tuwe waangalifu zaidi, kwa maana fomu za mtandaoni huhesabu kuanzia usiku wa manane, na saa 1 asubuhi ikiandikwa kama ilivyotamkwa, ndege wa mchana atasomeka kuwa aliimba usiku. Jambo jingine ninalolitaja bila kukosa ni kama nilimchezea mnyama rekodi ya sauti ya spishi yake ili aitikie. Dume anayedhani kuwa mpinzani ameingia katika eneo lake huimba tofauti na anavyoimba akiwa ametulia, na anayechunguza tabia zake ana haki ya kulijua hilo.

Faili lenyewe nalihifadhi katika muundo wa WAV, ambao kwa kawaida huiacha sauti nzima bila kuibana. MP3 huokoa nafasi kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, lakini mtafiti hapimi kwa sikio peke yake; huitazama sauti kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti za juu na za chini kadiri muda unavyopita, ambako kilichotupwa huonekana kama pengo. Kinasa sauti kikichukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde kinatosha kwa ndege na vyura wengi, ila kwa popo wengi hakitoshi, kwa sababu idadi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa ya sauti yenyewe, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi, na milio ya popo hupanda mbali juu ya hezi 20,000, ambao ndio mpaka wa juu wa usikivu wetu.

Nilipoanza, nilipenda kusafisha. Rekodi moja ya alfajiri ilikuwa na mngurumo wa upepo, nami nikakata kila kitu kilichokuwa chini ya hezi 1,000, nikafuta faili la awali, nikaridhika na wimbo uliobaki ukimeta kama kioo. Baadaye, nikiisoma daftari yangu ya siku ile, nikakuta nimeandika kuwa njiwa alikuwa akilia nyuma muda wote. Mlio wake wa chini nilikuwa nimeufuta pamoja na upepo, na hakuna programu inayoweza kuurudisha. Tangu siku hiyo nakata mwanzo na mwisho tu, narekebisha kiwango cha sauti kwa kiasi, na kila kiumbe kinachosikika nyuma nakiorodhesha.

Kama hujui jina la mnyama, usilikisie. Xeno-canto ina nafasi ya rekodi zisizotambuliwa, na wasikilizaji wenye uzoefu huzipitia. Jina lisilo sahihi lina madhara yanayosambaa, maana programu zinazotambua ndege kwa sauti hufunzwa kwa rekodi zilezile tunazozipakia.

Kabla ya kupakia, soma leseni. Katika xeno-canto haki zako hubaki kwako, ila unachagua leseni ya Creative Commons inayoeleza wengine waruhusiwe kufanya nini na kazi yako. Na kuna rekodi ambazo hazifai kuachwa wazi: kwa spishi zinazowindwa na wategaji, hifadhi hiyo huzuia watu wasizisikilize wala kuzipakua, kwa kuwa sauti iliyo wazi ni chambo. Mimi huongeza tahadhari yangu. Nikirekodi karibu na kiota cha ndege adimu, naandika mahali kwa ujumla bila kuulenga mti wenyewe, na nalikalia faili hilo hadi makinda yaruke.