Kulia si kushika: kramponi za klipu na buti za Memorial

Juzi ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Mwongozaji wa wapanda Kilimanjaro kaingia stoo yetu ya kukodisha vifaa hapa Moshi na kramponi za klipu, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti ili usiteleze kwenye barafu, alizoachiwa na mgeni kama bakshishi, mpya, rangi bado iko kwenye meno. Mguuni ana buti za kutembelea, mtumba wa soko la Memorial. Kakanyaga chuma, kabonyeza klipu ya kisigino, tap! Kaniangalia kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Umesikia, dada? Imeshika."

Haijashika. Imelia tu.

"Kaka, hebu piga teke hiyo ngazi." Tuna ngazi tatu za zege za kutokea uani. Teke la kwanza, sawa. La pili, waya wa mbele ukachomoka, kramponi ikabaki inaning'inia kwenye kamkanda ka kifundoni na kumpiga kigimbi cha mguu wa pili. Meno kumi na mawili ya chuma yakibembea namna hiyo usiku, juu ya kambi ya Barafu, si jambo la kucheka. Pale uani nilicheka.

Tuelewane. Klipu haishiki mguu wala buti, inashika soli. Waya unakaa kwenye mfereji wa ukingo wa mbele, klipu inakaa kwenye mfereji wa nyuma, halafu inavuta. Mfumo wote unaishi kwa sharti moja: soli isipinde. Buti ya kutembelea imetengenezwa ipinde, ndiyo raha yake. Kila ukiinua kisigino soli inajikunja, waya unalegea kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Mbaya zaidi, buti nyingi za aina hiyo hazina hata huo mfereji wa mbele. Waya unaegemea mpira tu, kama ngazi iliyoegemezwa kwenye pazia.

Herufi wengi mnazijua: C ni kramponi (C1 za mkanda, C2 za kikombe mbele na klipu nyuma, C3 za klipu), B ni ugumu wa buti, B0 laini kabisa hadi B3 isiyopinda. C3 ni ya B3 peke yake, C2 inakubali B2 na B3, C1 inaanzia B1, na B0 haivai kramponi. Sirudii.

Linaloniudhi ni hii imani kwamba za mkanda ni za kizamani, na kwamba mtu akipewa za mkanda amepunjwa. Nimeshaona mgeni akinuna mbele yangu kwa sababu mwenzake mwenye buti ngumu alipata za klipu. Mkanda una kikombe cha plastiki mbele na kingine nyuma, unaikumbatia buti nzima, haujali mfereji uko wapi. Sisi tunakodisha kuanzia namba 36 hadi 48, kwa miguu ya dunia nzima. Jozi moja ya mkanda nairekebisha urefu kwa chuma cha katikati na inavaliwa na watu kumi tofauti. Ya klipu inataka buti yake, kama mke mmoja mume mmoja.

Haya, na klipu nizitendee haki. Nimejipima mwenyewe dukani: klipu, sekunde ishirini kwa mguu. Mkanda, karibu dakika mbili, na hapo nimekaa kwenye kiti, mikono ina joto, chai iko pembeni. Sasa uwe Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, baridi imeshuka nyuzi 15 chini ya sifuri, umeinama na pumzi imekata. Mkanda uliolowa theluji jana umeganda kama ubao. Kuupitisha kwenye pete inabidi uvue glavu nene, na vidole vikishapoa pale juu havirudi haraka. Klipu unaisukuma kwa kiganja, glavu hujavua. Hiyo ni faida ya kweli na sibishani nayo. Ila kwa sehemu kubwa dawa yake ipo: mikanda iingize kwenye pete ukiwa kambini, iache imelegea, juu uje ukaze tu. Wanaoniambia mkanda haufai, nikiwauliza kama waliifanya hivyo, wananyamaza.

Za katikati, zenye kikombe mbele na klipu nyuma, ndizo ninazozipenda, na ndizo zinazoninyima usingizi. Buti za kukodisha zinashuka njia ya Mweka kila wiki, visigino vinasuguliwa na mawe, na kingo za mfereji wa nyuma zinaviringika taratibu. Zimeviringika kiasi gani ndipo nizikatae? Sina kipimo. Napitisha ukucha wa dole gumba. Ukucha ukikwama naikubali buti, ukiteleza naikataa. Kuna jozi niliipitisha kwa ukucha huohuo ikarudi na salamu kwamba klipu ilifyatuka mara mbili kabla ya kufika kilele cha Uhuru. Mvaaji alikuwa salama. Tangu hapo buti za mwaka wa tatu nazipa mkanda hata kama ukucha umekwama, na huenda nawanyima watu raha bure.

Mtumba nao una lake. Soli nyingi za buti hizi zina tabaka la povu la polyurethane, na povu hilo linaoza kwa unyevu na umri hata buti ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Unanunua buti inang'aa, ngozi safi, ukiikunja soli unasikia kama biskuti inavunjika. Funga klipu kwenye hiyo uone: inavuta kisigino saa nzima, na soli inabanduka ikiwa bado imeshikwa vizuri na klipu. Hapo kweli imeshika. Tatizo ni kwamba mguu umebaki na ngozi ya buti bila soli.

Na kwa njia za kawaida, Marangu, Machame, Lemosho, siku nyingi kramponi hazihitajiki kabisa. Ni vumbi na changarawe. Ikianguka theluji, minyororo yenye meno inatosha mara nyingi. Kramponi kwenye mawe makavu zinakukwaza na kuyaua meno yake.

Ukiwa huna uhakika, funga klipu bila kukaza mkanda wa kifundo, inua buti kwa mkono, itikise kwa nguvu. Kisha ikunje soli kwa mikono miwili, kisha itikise tena. Wengi wanaishia kwenye tikiso la kwanza.

Yule kaka aliondoka na za mkanda, shingo upande. Zake ziko msumarini hapa stoo. Anasema atarudi Memorial kutafuta buti zinazozifaa. Nimemwambia akiona namba 40 ngumu, yenye mfereji mbele na nyuma, anichukulie na mimi.