Kuulia mbali, si kuuana: kisa cha neno "internecine"

Chama cha siasa kikianza kutafunana chenyewe, magazeti ya Kiingereza hayachelewi kuandika internecine. Msomaji hulielewa kuwa ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na hakosei. Akiulizwa asili yake ndipo anapoteleza.

Dhana potofu: Limetoka kwenye internal, yaani "-a ndani".

Ukweli: Yanafanana herufi sita za mwanzo, basi. Ile n ya internecine ni ya mzizi nec-, wa kitenzi cha Kilatini necare, kuua. Mauti hayo hayo yamo ndani ya pernicious, "-a kuangamiza".

Dhana potofu: Inter- ni "baina ya", kama katika international, kwa hiyo tangu mwanzo neno lilikuwa la kuuana.

Ukweli: Hapa ndipo penye utamu. Waroma walikuwa na interficere, kuua, na interire, kuangamia. Itafute "baina ya" humo, huioni. Mswahili hahitaji kuelezwa sana, maana tunasema "ulia mbali" na "potelea mbali" bila kufikiria umbali wowote. Hiyo inter- ilifanya kazi ya "mbali" yetu. Vita vya internecinus vilikuwa vya kuulia mbali, vya kutosaza mtu, hata kama upande mmoja ulichinja na wa pili ukachinjwa tu.

Kwa Kiingereza neno linaonekana mwaka 1663, katika Hudibras, utenzi wa kejeli wa Samuel Butler, anapowataja Wamisri walioabudu mbwa na kuipigania imani hiyo hadi kufa. Mwaka 1755 Samuel Johnson akatoa kamusi yake kubwa jijini London, na humo akaeleza kuwa internecine ni kukusudia kuangamizana. Aliona inter- akadhani ni ile ya kila siku. Kwa sarufi yetu, alipachika -ana mahali ambapo Mroma hakuiweka: kuua kukawa kuuana.

Simcheki. Kamusi ile ina vidahizo zaidi ya 40,000, na msaada wake ulikuwa makarani wachache wa kunakili. Wala hakuwa mtu wa kujitetea. Bibi mmoja alimuuliza kwa nini aliandika kuwa pastern ni goti la farasi, ilhali ni sehemu ya mguu iliyo juu kidogo ya ukwato. Akajibu: ujinga, bibi, ujinga mtupu.

Dhana potofu: Basi wanaolitumia leo kwa maana ya ugomvi wa ndani wanakosea.

Ukweli: Hapana. Kamusi ya Johnson iliaminiwa mno, waandishi wakaifuata, na kutoka kuuana neno likasogea hadi kugombana ndani ya kundi moja. Damu si lazima tena. Wajumbe wa bodi wakirushiana maneno, inatosha. Kamusi za leo zinaikubali maana hiyo, na ile ya mauaji makubwa bado zinaiweka. Anayekusahihisha kwa hoja ya Kilatini anajua historia ya neno, lakini Kiingereza cha sasa kimempita.

Dhana potofu: Lina matamshi mamoja sahihi.

Ukweli: Uingereza utasikia zaidi "intanisain", Marekani "intanesiin". Waroma, ambao c yao ilikuwa k, wangeyashangaa yote mawili.