Mwezi wa ngapi leo?

Watu wakisikia kwamba naongoza idara ya uhandisi katika kampuni ya umma ya maji na maji taka hapa Lamu, huuliza mambo mawili: harufu naivumiliaje, na kwa nini mitaro hufurika hata siku isiyo na mvua. Harufu nilishaizoea. Hilo la pili ndilo lililonifundisha kazi, na shahada yangu haikuwa na jibu lake.

Wiki yangu ya pili kazini niliagiza chemba moja, yaani shimo la kuingilia mtaroni, iliyo karibu na ufuo ifunguliwe baada ya swala ya alasiri, jua likishapoa. Niliona nawahurumia vijana. Fundi mmoja wa makamo akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi wa ngapi?" Nikamtajia tarehe ya ofisini. Akacheka. "Mwezi nauliza, si karatasi. Leo kumi na tano. Wafungua chemba na bahari yajaa?" Tulifungua. Muda si muda maji yalianza kupanda kutoka chini, safi mwanzo, kisha meusi. Bahari ilikuwa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Wavuvi hawahitaji kuelezwa haya, lakini wahandisi tunahitaji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Mdomo wa mtaro unaomwaga ufuoni uko chini. Bahari ikipanda juu yake, maji ya mtaro husimama, kisha hurudi yalikotoka. Mvua kubwa ikikutana na saa hiyo, watu wa mitaa ya chini huamka na ndoo mkononi, na simu yangu hailali.

Dawa yake inafahamika: vali ya mlango, kipande kinachoning'inia kwa bawaba, kinachosukumwa wazi na maji ya mtaro na kufungwa na bahari yenyewe. Nayo ina adui. Kumbi moja la nazi au mfuko wa plastiki hutosha kuuzuia usifunge, na chaza hupenda sana bawaba. Vali isiyokaguliwa ni pambo tu.

Hapo ndipo bamvua inapotusaidia. Siku hizohizo ambazo maji hujaa sana mnamo saa kumi alasiri, hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na midomo ya mitaro hubaki mikavu. Kwa hiyo ukaguzi na kukwangua chaza tunaupanga siku za bamvua, asubuhi. Kazi ya kuchimba na kuunga mabomba yaliyo chini tunaipeleka siku za maji mafu, mwezi ukiwa wa saba au nane, au ishirini na mbili, kwa kuwa bahari haipandi mbali. Ratiba ya idara yangu ina safu mbili za tarehe. Mkaguzi wa hesabu aliniuliza hiyo ya pili ni ya nini. Nilimpeleka gatini saa kumi, akaona.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Matumizi ya maji, ambayo miezi mingine hupanda asubuhi, huhamia baada ya magharibi na tena wakati wa daku, na mitaro hufuata. Pampu isiyofanyiwa matengenezo Shaabani itakuumbua usiku watu wakiwa mezani.

Sasa mji wenyewe. Mji wa kale, kuanzia Mkomani mpaka Langoni, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa adabu. Lori la kunyonya maji taka halipiti. Nyumba nyingi za kale zina choo juu na shimo refu ndani kwa ndani. Tangu 2001 mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hiyo huwezi kuvunja ukuta kwa sababu bomba limekuzuia.

Washauri huja na michoro ya bomba kubwa la kukusanya maji taka ya mji mzima. Ni michoro mizuri. Lakini bomba la namna hiyo hutaka mteremko wa kutosha, yaani mfereji wa kina, na kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chimba mita 2 ubavuni mwa ukuta kama huo, halafu uniambie nani atalipa nyumba ikikaa upande. Mimi nashikilia bomba dogo: kila nyumba chache ziwe na tangi la kutuliza uchafu, na yanayosafiri yawe maji peke yake. Bomba la milimita 100 hufaa, na mteremko wake si mkali. Bodi hulipenda hilo mpaka nifike kwenye tope: matangi lazima yazolewe, na tope lazima libebwe kwa pampu ndogo, mapipa na mikokoteni hadi kwenye boti. Gharama hiyo haiishi, ni ya kila mwaka, na hakuna anayekatiwa utepe kwa kuzoa tope.

Naibana bodi kwa sababu ya Shela, kijiji jirani kisiwani humu. Maji yetu matamu hutoka chini ya matuta ya mchanga wa Shela, yakiwa yameelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya kitaalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hukaa juu ya mita kama 40 zilizo chini. Ukishusha kimo cha juu kidogo, chumvi hupanda sana. Na kila ndoo tunayovuta Shela hurudi ikiwa maji taka, kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, katika mji wenye visima vya kale. Anayeniomba maji zaidi ameniomba pia kazi ya kuyaondoa, hata kama hakujua.

Jambo moja silijadili na mtu yeyote: hakuna anayeshuka shimoni bila kipima gesi, kamba na mwenzake juu. Gesi yenye harufu ya yai viza ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Ikizidi sehemu 100 katika milioni pua hufa ganzi, unadhani imeondoka, nawe ndipo unapoanguka. Anayefuata kumwokoa huanguka juu yake. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kipima kikishuka chini ya 19.5 tunafunga kifuniko na kurudi ofisini. Nimewahi kusimamisha kazi ya siku mbili kwa sababu betri ilikuwa imeisha. Nililaumiwa, nami sikuomba radhi. Anayefunga saumu huyo simshushi kabisa mchana.

Hivi naandika, vali mpya iko Mokowe, ng'ambo ya bara, inasubiri boti. Mwezi ni wa kumi leo. Nahodha anasema kesho, akijaaliwa. Nimemwambia kesho kutwa bado tutakuwa salama, lakini kumi na tano asinifikishe.